Wanasiasa wakitania kifo, matanga huwa ya nani?

HEBU rudi nyuma hadi Novemba 2022. Mvua ilikuwa imekosa kunyesha msimu baada ya msimu, mizoga ya ng'ombe na mbuzi imetapakaa kaskazini mwa nchi, na zaidi ya Wakenya milioni nne walikuwa wakihitaji chakula cha msaada. Mwaka huo huo pakiti ya unga ya kilo mbili ilikuwa imevuka Sh200. Wewe pengine ulikuwa unakalia KCSE, au ulikuwa nyumbani ukimsikia mamako akihesabu sarafu kabla ya kukutuma dukani.

Ni katika hali hiyo ambapo aliyekuwa Waziri wa Biashara, Bw Moses Kuria, alijitokeza hadharani kutetea hatua ya serikali ya kuruhusu mahindi ya GMO, yaliyokuwa yamepigwa marufuku tangu 2012. Angeweza kutueleza wanasayansi wamepima nini na wakapata nini. Angeweza kutuambia mkulima wa Trans Nzoia atauza wapi mavuno yake magunia kutoka nje yakifurika sokoni. Badala yake alisema kwamba kuwa tu katika nchi hii tayari kunakufanya mtahiniwa wa kifo, na kwa kuwa mambo yanayoshindania kukuua ni mengi, hakuna ubaya kuongeza GMO kwenye orodha hiyo.

Nitakuwa mkweli kwako: nilicheka. Nilicheka kabla sijafikiria, kisha nikawatumia watu watatu ile video. Wawili walijibu kwa vikatuni vya kulia machozi ya kicheko. Wa tatu aliniuliza, "Sasa unacheka nini?" Sikuwa na jibu.

Makala haya ni jaribio la kumjibu, ingawa nimechelewa.

Kinaya nje ya darasa

Tulicheka kwa sababu waziri alisema ukweli. Kila mwaka zaidi ya watu 4,000 hufa katika barabara zetu. Ukipona barabarani, kuna zahanati ambayo daktari anakuandikia dawa ukanunue mwenyewe nje. Ukipona hapo kuna mafuriko ya Aprili, na kuna pombe inayopofusha watu kabla ya kuwazika. Mkenya yeyote anaijua orodha hiyo kwa moyo. Kuisikia ikisomwa na mkubwa kulitupa raha fulani, ile ya kusema, "Kumbe hata wao wanajua!"

Na hapo ndipo penye tatizo. Kumbe wanajua.

Kama hukulala kwenye kipindi cha Fasihi, unakumbuka kinaya: ni pale mambo yanapokwenda kinyume na yanavyotarajiwa. Pengine ulikijibia swali la alama 20, ukapata 11, ukafikiri umemalizana nacho. Bado. Unatarajia waziri afupishe orodha ya vitu vinavyokuua, kwa maana hiyo ndiyo kazi anayolipwa kuifanya. Yeye akaisoma kama matangazo ya vifo redioni, halafu akaongeza jina moja chini.

Maneno yale yale yakisemwa na mwanabodaboda anayekula githeri kwa kibanda, ni njia ya kustahimili siku. Yeye hana uwezo wa kupunguza chochote kwenye orodha, na kucheka ndiko kulikobaki. Waziri alikuwa na kalamu mkononi. Hiyo kalamu ndiyo inayobadilisha maana ya mzaha, hata kama hakuna neno lililobadilika.

Shika hapo. Tutarudi.

Wembe uliokata mugumo

Si kila kauli tata ya mwanasiasa ni ya kukukera. Nyingine ni tamu kabisa, hasa zinapomrudia aliyezisema.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Mwai Kibaki akiwa bado waziri katika serikali ya KANU, aliwadhihaki waliokuwa wakitaka vyama vingi. Alisema kujaribu kuiondoa KANU madarakani ni kama kujaribu kuangusha mti wa mugumo kwa wembe. Kwa Agikuyu mugumo ni mti mtakatifu, na ni mnene. Picha yenyewe inachekesha: mtu mzima amechutama chini ya mti mkubwa, anakwaruza gome kwa wembe wa kunyolea ndevu.

Desemba 1991, sheria ya chama kimoja ilipoondolewa, Kibaki huyo huyo alihama KANU akaunda chama cha DP. Akashindwa 1992, akashindwa tena 1997. Tarehe 30 Desemba 2002, akiwa kwenye kiti cha magurudumu baada ya ajali ya barabarani, aliapishwa katika bustani ya Uhuru Park kuwa rais aliyeiondoa KANU mamlakani. Mugumo ukaanguka, na aliyeshika wembe ni yeye.

Hicho ni kinaya kisicho na madhara. Maneno yalimrudia mwenyewe na hakuna aliyelia. Wazazi wako wakikumbuka, wanacheka mpaka leo.

Cha aliyekuwa Naibu Rais Rigathi Gachagua kiko karibu na hicho, ila kina uchachu. Februari 2023 alifananisha serikali na kampuni yenye wanahisa: waliowekeza kura zao wavune kwanza, wengine wasubiri. Wapo waliopiga makofi. Wapo pia waliojiuliza kama wao, ambao hawakupiga kura "vizuri", ni raia au ni wapita njia. Oktoba 2024 wabunge walipomtimua, na Seneti ikakubaliana nao, maneno hayo ya hisa yalikuwa miongoni mwa mashtaka aliyosomewa. Kwa lugha ya kampuni, wanahisa walikutana wakamfuta kazi mkurugenzi aliyewaita wanahisa.

Ukicheka hapo hujamkosea mtu. Lakini usisahau kwamba katikati ya miezi hiyo kuna eneo lililoambiwa, kwa mzaha, kwamba maendeleo yake yatangoja.

Mnataka nifanye nini?

Kuna aina ya pili, ambayo huja ikiwa imevaa unyonge. Oktoba 2016, katika Ikulu ya Nairobi, mkutano ulikuwa wa kujadili ufisadi. Rais wakati huo alikuwa Uhuru Kenyatta. Baada ya kueleza jinsi suala hilo lilivyomchosha, aliwauliza waliokuwepo: mnataka nifanye nini?

Fikiria huyo ni amiri jeshi mkuu. Ndiye aliyeteua mawaziri. Akiinua simu, mkuu wa polisi anasimama wima hata kama yuko kitandani. Huyo ndiye aliyekuwa akiwauliza wageni wake afanye nini. Kisha Januari 2021, miaka minne na zaidi baadaye, alisema hadharani kwamba zaidi ya Sh2 bilioni huibwa serikalini kila siku. Kila siku! Alisema kama mtu anayesoma utabiri wa hali ya hewa.

Watu walifanyaje? Walicheka. "Mnataka nifanye nini" ikawa jibu la kila kitu. Mwalimu akiuliza kwa nini hujafanya kazi ya ziada: mnataka nifanye nini? Mama akiuliza kwa nini sufuria imeungua: mnataka nifanye nini? Tulilichukua swali la kiongozi tukalifanya letu, likazunguka hadi likaisha makali. Nani anakumbuka leo kwamba lilipaswa kujibiwa, na kwamba wa kulijibu alikuwa ni yeye?

Aina ya tatu ni ile ya vitisho. Machi 2006 polisi walivamia ofisi za gazeti la Standard na kituo cha KTN usiku, wakachoma magazeti na kuzima matangazo. Waziri wa Usalama, marehemu John Michuki, alipoulizwa, alisema ukimchokoza nyoka uwe tayari kuumwa. Ni methali nzuri kwa mtoto anayecheza kichakani. Lakini soma tena uone nani ni nani: mwandishi ndiye mtoto, na nyoka ni serikali. Ni waziri mwenyewe aliyeiita hivyo. Adui wa serikali hangeweza kupata tusi kali kuliko hilo.

Mambo ni matatu

Halafu kuna hii ambayo lazima umewahi kuitumia. Agosti 2023, akiwa Bungoma, Rais William Ruto aliwaonya waliokuwa wakipigania kiwanda cha sukari cha Mumias kupitia kesi mahakamani. Aliwaambia mambo ni matatu: wahame Kenya, waende jela, au wasafiri kwenda mbinguni.

Safari ya mbinguni! Mwenye kusema "auawe" anatisha. Mwenye kusema "asafiri" anachekesha, kwa sababu unaiona tiketi, unaona mzigo, unamwona mtu amepanga foleni. Ndiyo maana mzaha wa kifo hupenda kutumia maneno mepesi. Uzito unabebwa na wewe unayesikiliza.

Mawakili walilalamika. Walisema mtu aliye na kesi kortini hawezi kutishiwa na mkuu wa nchi jukwaani, kwa maana ukiwa na mgogoro, korti ndiyo njia ya nne ambayo Rais hakuitaja. Mitaani, kwa upande mwingine, "mambo ni matatu" ilipaa. Makanga walikuambia mambo ni matatu: ulipe, ushuke, au ubaki stejini. Mpenzi alikuambia mambo ni matatu. Mimi pia niliitumia. Ilikuwa tamu mdomoni.

Lakini jiulize: kesi ya Mumias iliishia wapi? Mkulima wa miwa analipwa lini? Naomba ujaribu kukumbuka bila kutafuta kwa simu. Wengi wetu tunakumbuka mzaha, na kilichokuwa ndani ya mzaha hatukijui.

Utani una sheria zake

Kabla hujaniambia kwamba nimezeeka na sitaki watu wacheke, nikukumbushe jambo ambalo babu zetu walilijua. Kutania kifo si jambo geni kwetu. Pwani na hata ng'ambo ya mpaka Tanzania, watani hufika matangani wakafanya vituko ambavyo mgeni angeona ni matusi. Wanaigiza marehemu alivyotembea. Wanadai deni alilowanyima. Wafiwa, macho yakiwa bado mekundu, wanacheka. Katika jamii zetu nyingi pia nyanya humwita mjukuu wake "mume wangu", na mjukuu humjibu kwamba hawezi kuoa mtu asiye na meno.

Kwa nini hayo hayaudhi? Kwa sababu utani una sheria, ingawa haijaandikwa popote. Ukinitania leo, kesho zamu yangu. Ukija kucheka kwenye msiba wangu, nami nitakuja kucheka kwenye wako, na utanivumilia. Mtani anaweka ngozi yake mezani kabla ya kugusa yako. Tena mtani huyo huyo aliyekuwa akiigiza marehemu, kazi za mazishi zikianza, hakai kando kutazama.

Sasa mpime waziri kwa sheria hiyo. Anapotania kuhusu mahindi, je, yeye atakula unga ule ule? Anapotania kuhusu safari ya mbinguni, je, wewe unaweza kusimama kwenye jukwaa lako, barazani, umwambie yeye naye mambo ni matatu, kisha urudi nyumbani ulale usingizi?

Jibu la swali hilo tulilipata.

Zakayo, Kasongo na milango iliyobishwa usiku

Wewe ni wa kizazi ambacho kimefanya ucheshi kuwa silaha, na sisemi hivyo kukusifu bure. Juni 2024, mswada wa fedha ulipokuja na ushuru juu ya ushuru, ulilitumia jina la Zakayo wa Biblia, yule mtoza ushuru aliyepanda mkuyu. Ukamwambia ashuke. Neno moja lilieleza bajeti nzima kuliko hotuba yoyote ya upinzani.

Kiongozi wa wengi bungeni, Bw Kimani Ichung'wah, alikubeza. Alisema waandamanaji ni watoto wanaokuja kwa Uber, wanakula kuku wa KFC na kunywa maji ya chupa. Mabomu ya machozi yalipoanza kulipuka, maji yale ya chupa yaliyochekwa ndiyo vijana walionawishana macho.

Mwisho wa 2024 likaja jina jingine, Kasongo, kutoka wimbo wa zamani wa Super Mazembe. Rais mwenyewe ameyataja majina hayo hadharani akicheka, kama mtu aliyekubali utani. Hapo ungedhani sheria ya watani imefanya kazi: ametania, ametaniwa, tumalize.

Haikuwa hivyo. Desemba 2024, vijana kadhaa waliokuwa wamechora au kusambaza picha za kumkejeli Rais walitoweka. Waliachiliwa Januari 2025. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu, KNCHR, ilisema ilikuwa imerekodi visa 82 vya utekaji nyara tangu Juni 2024. Polisi walikana kuhusika.

Kwa hivyo weka mambo hayo mawili kando kwa kando. Mkubwa anaweza kukutania kwamba wewe ni mtahiniwa wa kifo, na jioni akala chakula chake kwa amani. Wewe ukimchora ameketi vibaya, mamako anaweza kukaa wiki mbili akizunguka vituo vya polisi na picha yako mkononi. Huo hauwezi kuitwa utani, maana upande mmoja tu ndio wenye ruhusa ya kucheka.

Mzaha ukigeuka amri

Wahenga walisema mzaha mzaha hutumbuka usaha. Hebu uone unavyotumbuka.

Tarehe 25 Juni 2025 vijana walirudi barabarani kuwakumbuka waliouawa mwaka uliotangulia, ambao KNCHR ilikuwa imewahesabu kufika 60. Siku iliyofuata Waziri wa Usalama, Bw Kipchumba Murkomen, alisema kwamba mtu akikaribia kituo cha polisi, apigwe risasi. Baadaye alisema hakueleweka vizuri. Tarehe 7 Julai, siku ya Saba Saba, KNCHR ilihesabu zaidi ya watu 30 waliouawa. Siku mbili baadaye, Kilimani, Nairobi, Rais alisema anayepatikana akichoma biashara ya mwenzake apigwe risasi mguuni, apelekwe hospitali kisha kortini. Asiuawe, alisema, bali mguu uvunjwe.

Tuwe waungwana. Biashara za watu zilikuwa zimeporwa na kuchomwa, na mama aliyepoteza kioski chake alikuwa na haki ya kusikia serikali ikikemea. Lakini tangu lini hukumu ya wizi ikawa mguu? Mwenye kuamua nani ana hatia ni hakimu. Katika mpangilio ule, risasi ilitangulia, hospitali ikafuata, korti ikawa ya mwisho.

Kesho yake nilikuwa kwenye matatu ya kwenda mjini. Makanga, kijana wa miaka kama 22, alikuwa akiita abiria: "Ingieni mkiwa na miguu miwili, jioni hatujui!" Gari zima lilipasuka kwa kicheko. Mama mmoja aliyeketi karibu na mlango hakucheka.

"Mnachekea nini? Kuna watu wamezika juzi," alisema.

"Mathe, si kucheka vibaya," makanga akamjibu kwa upole. "Nisipocheka nitalia, na niko kazini."

Mama akafikiria. "Basi cheka," akasema. "Lakini usisahau."

Nimewaza kuhusu mazungumzo hayo mara nyingi. Makanga na Rais walitumia neno lile lile, mguu. Mmoja alikuwa akijikinga, na mguu aliotania ulikuwa wake. Mwingine alikuwa akizungumza huku watu wenye bunduki wakimsikiliza, na mguu ulikuwa wa mtu mwingine. Polisi aliye doria usiku hatafuti kinaya kwenye kauli ya mkubwa wake. Anatafuta ruhusa.

Hili si jipya. Uliza wazee wa Bonde la Ufa kuhusu neno "madoadoa". Kwa fundi nguo ni neno la kawaida, linafaa kitenge. Katika miaka ya 1990 lilitumiwa kwenye siasa kumaanisha majirani wa kabila jingine wanaopaswa kuondolewa ili pawe safi. Watu walifurushwa, wengine wakauawa. Baada ya uchaguzi wa 2007, zaidi ya watu 1,100 waliuawa nchini. Januari 2022, kwenye mkutano Eldoret, aliyekuwa Seneta wa Meru Mithika Linturi aliwaambia watu waondoe madoadoa. Alikamatwa, akaomba radhi, akaeleza kwamba hakuwa na nia hiyo. Inawezekana kabisa hakuwa nayo. Lakini kuna watu waliolisikia neno lile redioni wakaanza kukunja nguo na kuweka vyeti vya watoto kwenye mfuko. Msemaji ana nia yake, nao wana kumbukumbu yao.

Kabla ya kubonyeza "tuma"

Sikuombi uache kucheka. Nchi hii bila kicheko haikaliki. Tena Kifungu cha 33 cha Katiba kinakupa uhuru wa kusema, na kinamnyima yeyote, mkubwa kwa mdogo, ruhusa ya kueneza chuki au kuchochea ghasia. Ninachokuomba ni kwamba video inayofuata ikifika kwenye simu yako, na itafika, ujiulize maswali matatu. Naam, mambo ni matatu.

La kwanza: nani anachekwa hapa? Kibaki na wembe wake, mchekwa aligeuka kuwa Kibaki. Mzaha wa GMO, mchekwa ni yule aliyekosa unga. Ucheshi unaopanda juu humwamsha mwenye nguvu. Unaoteremka chini humkanyaga aliye chini tayari, na mara nyingi aliye chini ni wewe unayeusambaza.

La pili: anayetaniwa anaweza kurudisha? Ikiwa jibu ni kwamba akirudisha atatafutwa nyumbani usiku, basi huo utani hauna mtani.

La tatu, na hili ndilo ninaloshindwa nalo mwenyewe: nikiondoa kicheko, ni swali gani lililobaki bila jibu? Mwanasiasa mwerevu anajua tunavyopenda stika. Akiulizwa bei ya unga akajibu kwa utani, wiki nzima tutajadili utani. Kufikia Jumatatu, unga bado uko pale pale na hakuna aliyeuliza tena. Kwa hivyo ukituma video, tuma pamoja na swali. "Huyu amechekesha, lakini mahindi yataingia lini, na kwa bei gani?" Sentensi moja tu. Utaona jinsi watu wanavyoacha kucheka na kuanza kuzungumza.

Uchaguzi mkuu ni Agosti 2027. Msimu wa majukwaa ukianza, watakuja na vijembe, vitendawili na nyimbo. Marehemu Raila Odinga alipokuwa akitega kitendawili mkutanoni, umati ulijibu "Tega!" na kila mtu alijua ni mchezo wenye pande mbili, wa anayetega na wa anayetegua. Wakija hao wengine kukutegea, kumbuka bado una haki ya kutegua. Na ikiwa jibu la kitendawili chao ni mwili wa mtu, usipige makofi.

Yule rafiki wangu wa tatu, aliyeniuliza nacheka nini, hatimaye nimemwandikia. Nilimwambia kwamba mwaka ule nilimcheka mtu mwenye njaa nikidhani ninamcheka waziri. Alinijibu kwa neno moja: "Pole." Halafu akaniuliza unga siku hizi ni ngapi kwetu.